Uchambuzi wa filamu ya Semi-Pro: kwa nini kicheko cha Will Ferrell kimetugawa

Assalaam alaykum watazamaji wangu, wa Unguja, wa Pemba na popote mlipo. Leo nazungumzia Semi-Pro, kichekesho cha mpira wa kikapu kilichotoka Marekani mwishoni mwa Februari 2008, na mhusika wake mkuu ni mchekeshaji Will Ferrell. Filamu hii si mpya, lakini imerudi kuangaliwa hapa mjini, na kwa muda wa wiki nzima nimeusikia ubishi wake kwenye baraza ya kahawa pale Jaws Corner. Mmoja anaapa kuwa hajapata kucheka kama alivyocheka, na mwenziwe aliyekaa naye kwenye baraza hiyo hiyo anasema aliizima kabla haijafika nusu. Wote wawili nawaamini, na ninachotaka kueleza leo ni vipi filamu moja inaweza kuwafikia watu wawili kwa namna mbili zilizo mbali hivyo.

Kwanza tuijue bidhaa yenyewe. Ni filamu ya dakika 91, imeongozwa na Kent Alterman na kuandikwa na Scot Armstrong. Hadithi inatupeleka mwaka 1976, katika mji wa Flint, jimbo la Michigan, ambako kuna timu ya kubuni iitwayo Flint Tropics. Will Ferrell ni Jackie Moon, mwimbaji aliyepata umaarufu kwa wimbo mmoja tu, akazichukua fedha za wimbo ule akanunua timu. Baada ya kuinunua akajifanya kocha, akajipanga yeye mwenyewe kikosini, na ndiye pia anayewatambulisha wachezaji kwa kipaza sauti kabla ya mchezo kuanza. Timu ni dhaifu na mashabiki ni wachache. Kisha inakuja habari kwamba ligi yao itavunjwa, na kwamba timu nne tu ndizo zitakazochukuliwa na NBA, ligi kubwa ya kikapu ya Marekani. Jackie Moon anang'ang'ania kwamba timu yake lazima iwe miongoni mwa hizo nne, naye hata timu yenye uwezo hana.

Hapa naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu bila ya kuijua ligi yenyewe nusu ya filamu hii inakupita. Ligi hiyo, ABA, haikubuniwa na mwandishi wa filamu. Ilianza mwaka 1967 ili kushindana na NBA, na ikadumu kwa misimu tisa. Kamishna wake wa kwanza, George Mikan, aliyekuwa mchezaji mkubwa wa zama zake, ndiye aliyeamua kwamba mpira wao uwe wa rangi tatu, nyekundu, nyeupe na buluu, na mpira huo mtauona katika filamu kila mara. Ligi ile haikuwa na fedha za kutosha wala mkataba mkubwa wa televisheni, kwa hivyo ikawavuta watu kwa mbwembwe na kwa uchezaji wa kupendeza. Mtupo wa pointi tatu, ambao leo kila kijana anaujaribu katika uwanja wowote wa saruji hapa Zanzibar, ulikuwa ni alama ya ABA miaka mingi kabla ya NBA kuukubali mwaka 1979. Mashindano ya kuudumbukiza mpira kikapuni kwa madaha yalifanyika Denver mwaka 1976, katika siku za mwisho za ligi hiyo, na mchezaji Julius Erving ndiye aliyeshinda.

Mwaka huo huo mambo yakaisha. Timu nne zilizopokelewa na NBA ni Denver Nuggets, Indiana Pacers, New York Nets na San Antonio Spurs. Kentucky Colonels, iliyokuwa timu nzuri kabisa, ilibaki nje, na mmiliki wake akalipwa dola milioni 3 akatulizwa. Wamiliki wa Spirits of St. Louis, ndugu wawili wa ukoo wa Silna, nao walibaki nje, lakini wakakataa kuondoka na fungu la fedha peke yake, wakadai wapewe sehemu ya mapato ya televisheni ya zile timu nne, milele. Wakati ule fedha za televisheni zilikuwa ni chache na hakuna aliyeliona neno hilo la milele kuwa ni zito. Ndugu wale wakaja kupata mamia ya milioni ya dola, na mwaka 2014 NBA ikakubali kuwalipa dola milioni 500 ili kuumaliza sehemu kubwa ya mkataba huo. Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu ndilo linalonisikitisha katika Semi-Pro: mezani pa mwandishi wake palikuwa na kisa cha kweli kilichojaa vituko na machungu, naye mwandishi akakitumia kama pazia la nyuma tu, ili Jackie Moon apate mahali pa kusimama mbele yake.

Sasa niseme namna tulivyoiangalia. Mara ya kwanza niliitazama peke yangu kwenye simu, usiku, na wallahi nilicheka mara tatu au nne tu. Mara ya pili tuliiangalia watu kumi na wawili uani kwa jirani yangu, tukatundika shuka nyeupe ukutani, na wengi wetu wakiwa ni vijana wanaocheza kikapu jioni. Ilikuwa kana kwamba tunaangalia filamu nyingine. Wazee wetu walioingia sinema ya Majestic pale Vuga katika siku zake, na wale wanaokwenda Ngome Kongwe wakati wa tamasha la filamu la nchi za jahazi, wanaujua ukweli huu: kichekesho kina nguvu zaidi ukumbini, kwa sababu kicheko cha jirani yako kinakuamsha. Kwa hivyo ukimsikia mtu anasema filamu hii ni baridi, muulize kwanza aliiangalia na nani.

Lakini hata pale uani hatukucheka pamoja. Kuna onyesho ambalo Jackie Moon anapigana mieleka na dubu ndani ya uwanja ili watu waje kununua tiketi. Watoto wa jirani, kabla mama yao hajawaondoa, walianguka kwa kicheko, ilhali kijana mmoja anayecheza nafasi ya mlinzi alikunja uso akasema kwamba mchezo wake anaoupenda unafanyiwa mzaha. Mahali pengine mambo yakageuka. Linapofika onyesho la Jackie na wenzake wakicheza karata, mmoja akamtusi mwenziwe kwa tusi la mtaani la Marekani ya miaka ya sabini, na mchezo ukaingia bastola wanayodhani kuwa haina risasi, kuna Wamarekani wanaolihesabu kuwa ndilo kilele cha vichekesho vyote vya filamu hii. Sisi tulikaa kimya. Tusi lenyewe ukilitafsiri linabaki kuwa ni kumwita mtu bata mzinga, na hapa kwetu hakuna atakayegombana na rafiki yake kwa neno hilo. Sitaki kumlaumu mwandishi kwa jambo hili, kwani kila watu wana utani wao, lakini mtazamaji wa Kiswahili ajue mapema kwamba sehemu kubwa ya uchekeshaji wa filamu hii imo ndani ya maneno, na maneno hayo ni ya mahali na zama zisizokuwa zetu.

Tuje kwa Will Ferrell mwenyewe, kwani yeye ndiye kiini cha ubishi. Alijengeka katika kipindi cha vichekesho cha televisheni cha Saturday Night Live, alichokitumikia kuanzia mwaka 1995 hadi 2002, na mbinu yake kubwa anaijua kila aliyemtazama: anamwigiza mtu anayejiamini kupita uwezo wake, mtu asiyeona kwamba wenziwe wamekwisha kumwona. Debe tupu haliachi kuvuma, na Ferrell ni hodari wa kuwa debe hilo. Anapaza sauti pale ambapo mtu mwenye haya angenyamaza, kisha anaendelea, na anaendelea tena hadi uupite ule mpaka wa kuchosha na kicheko kirudi. Hiyo ni kazi ngumu inayohitaji ujasiri. Tatizo ni kwamba mpaka huo haupo mahali pamoja kwa watu wote. Mwenye subira hufika ng'ambo ya pili akacheka, na asiyekuwa nayo huishia katikati akiwa amechoka.

Na uchovu huo ulikuwa na sababu nyingine kwa watazamaji wa Marekani. Mwaka 2005 Ferrell alicheza kocha wa soka la watoto katika Kicking & Screaming. Mwaka 2006 akawa dereva wa magari ya mashindano katika Talladega Nights, na mwaka 2007 akawa mchezaji wa dansi ya barafuni katika Blades of Glory. Semi-Pro ikafuata mwaka 2008, ikiwa ni michezo minne katika miaka minne, na kila mara ni mtu yule yule mwenye majigambo, ila amebadilishiwa jezi. Filamu mbili za katikati ziliingiza zaidi ya dola milioni 100 kila moja huko huko Marekani. Semi-Pro iliongoza katika wiki yake ya kwanza, kisha ikashuka haraka, na mapato yake ya dunia nzima yakaishia takriban dola milioni 44, wakati gharama inayotajwa ya kuitengeneza ni dola milioni 55. Kwa maoni yangu, watu hawakumkataa Ferrell kwa kuwa amepoteza kipaji. Walikuwa wamekwisha kumlipa mara tatu kwa mzaha huo huo.

Kwetu sisi hali ni tofauti, na nadhani ndiyo sababu ubishi wa baraza umekuwa mkali. Wengi wa waliocheka sana hawakuwa wameziona zile filamu tatu za awali. Kwao Jackie Moon ni mgeni, na mgeni siku ya kwanza hupewa heshima yake. Waliochoka ni wale wanaomfuata mchekeshaji huyu tangu zamani.

Sasa niseme lile nililoliona jema, nalo halimo kwa Ferrell. Limo kwa Woody Harrelson, anayemwigiza Monix, mchezaji aliyewahi kukaa benchi katika timu bingwa ya NBA na ambaye magoti yake sasa yameanza kumsaliti. Tropics wanampata kwa kubadilishana na mashine ya kufulia nguo, na baada ya mzaha huo Harrelson hafanyi mzaha tena. Anaingia mazoezini, anawatazama wachezaji wasiojua hata kupanga shambulio moja, kisha anawarudisha kwenye mchezo ule ule mara baada ya mara mpaka miili yao iukubali. Pale uani kimya kilitanda, na kilikuwa kimya cha watu wanaofuatilia. Yule mlinzi aliyekunja uso kwa ajili ya dubu aliinama mbele akaanza kuhesabu pasi. André Benjamin, mwanamuziki anayemwigiza Clarence Black, kijana mwenye kipaji na mwenye kujipenda, naye anabadilika polepole kwa namna inayoaminika.

Kwa hivyo ndani ya mkanda mmoja mna filamu mbili. Moja ni ya mtu mwenye makelele anayetaka kuangaliwa, na nyingine ni ya wachezaji wa timu ndogo ya mji mdogo wanaojua kwamba hata wakishinda huenda mlango ukafungwa usoni mwao. Mwongozaji hakuamua ni ipi iliyo kubwa. Kila mara ile ya pili inapoanza kushika moto, ya kwanza inaingia na kuimwagia maji. Hapo ndipo palipotugawa: waliokuja kwa ajili ya mchekeshaji waliona mazoezi ya Monix ni ya kuchosha, na waliokuja kwa ajili ya mpira wa kikapu waliona mchekeshaji anawazibia.

Neno la tahadhari kwa wazazi. Nchini Marekani filamu hii imewekewa alama inayomtaka mtoto wa chini ya miaka 17 awe na mtu mzima anapoiangalia ukumbini, na alama hiyo inastahiki. Matusi ni mengi, na wimbo wa Jackie Moon wenyewe una maneno ya faragha. Msiiweke sebuleni wakiwepo wazazi au watoto wa skuli. Sisi tulifanya kosa hilo, na jirani yangu alilazimika kuwaondoa wanawe kabla haijaisha.

Je, uitafute? Kama unacheza kikapu au unakifundisha, naam, itafute, lakini iangalie pamoja na wenzako. Kama unamtafuta Ferrell katika ubora wake, anza na Talladega Nights kisha urudi huku. Na kama hupendi mtu anayepaza sauti kwa saa moja na nusu, acha, hujapoteza kitu kikubwa.

Kuna pasi moja katika mchezo wa mwisho, ile ya kuurusha mpira juu ya kikapu na mwenzako akaudaka angani na kuutia kabla hajagusa chini. Filamu inadai kwamba Jackie Moon ndiye aliyeivumbua, jambo ambalo si kweli, kwa kuwa vyuo vya Marekani vilikuwa vikiicheza kabla ya mwaka 1976. Vijana wetu waliulalamikia uongo huo kwa sauti, kisha wakaniomba nirudishe nyuma waione tena. Nilirudisha mara tatu. Jioni ya pili nilipita uwanjani kwao nikawakuta wanaijaribu, mmoja anarusha, mwengine anaruka, na mpira unagonga ubao na kurudi, na hakuna aliyekuwa akicheka.