Mario 8-3 nimeimaliza, na yule mzee wa kibanda bado simsamehe

Jamani nimeipita! Ile 8-3 ya gemu ya Super Mario Bros., yaani World ya nane levo ya tatu, ile ya wale kobe wanaorusha nyundo, nimeipita juzi usiku hapa Kampala nikapiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Naandika nikiwa na furaha na hasira pamoja, na hasira ndiyo nyingi, mtanivumilia.

Mliocheza mnajua World 8 haina huruma. Levo nyingi za nyuma ukishavuka katikati ukifa unarudishwa hapo hapo katikati, lakini World 8 hakuna kitu kama hicho, ukifa unaanza mwanzo kabisa. Kusevu pia hakuna, stima ikikatika yote imekwenda, unarudi 1-1 kukanyaga wale adui wa uyoga. Sasa wale kobe wanakuja wawili wawili, mmoja juu ya matofali mmoja chini, nyundo zinapanda halafu zinakushukia kama mvua ya mawe, na ukisimama sana mbele yao wanaanza kukufuata. Unavuka jozi moja moyo unadunda, hujatulia, jozi nyingine hii hapa.

Hiyo gemu ilitoka Japani 1985, wengi wetu imetuzidi umri, sisi tuliipata Busia miaka ya 2000 mwanzoni kwenye zile mashine za kuiga zenye kaseti za njano. Kulikuwa na kibanda nyuma ya maduka karibu na mpaka wa Uganda na Kenya, TV ya kichogo moja, benchi moja, padi ambayo batani ya B imelika mpaka herufi haionekani. Ulikuwa unalipa kwa gemu ova. Yaani maisha yakiisha, pesa imeisha. Yule mzee mwenye kibanda alikuwa hata hangoji maandishi yatoke kwenye skrini, mkono wake unapita juu ya bega lako, kidole gumba kinabonyeza riseti, halafu anasema, "Leta nyingine ama simama."

Siku moja nilikuwa nimefika 8-3 kwa njia ya mkato, ile ya kupanda mmea kule 4-2 unatokea kwenye mabomba ya 6, 7 na 8. Benchi yote imesimama nyuma yangu wananishangilia. Nikagongwa na nyundo, maisha yakaisha. Nikamwambia, "Mzee, niachie mara moja tu, nitaleta pesa kesho." Akaniambia mbele ya watoto wote, "Wewe hata uzeeke hii hutaimaliza. Nenda kamsaidie mamako kuuza nyanya." Watu wakacheka. Mama yangu alikuwa anauza nyanya kweli, na pesa niliyokuwa nacheza nayo ilitoka kwenye hizo nyanya. Sikurudi pale tena.

Sasa sikilizeni kitu kilichoniudhi. Juzi juzi nimenunua mashine kama ile ile kwa mtu wa mitumba, na binamu yangu akanionyesha kwamba ukipata gemu ova, ukirudi kwenye skrini ya mwanzo unashika A bila kuachia halafu unabonyeza Start, unaanzia levo ya kwanza ya World uliyofia, yaani ukifia World 8 unaanzia 8-1. Sio 1-1. Gemu yenyewe imewekewa hivyo! Banange nilikaa kimya kabisa, kwa sababu nilikumbuka jioni za pale kibandani, mzee akishatutoa alikuwa anacheza mwenyewe, sisi tunachungulia kwenye nyufa za mbao, anakufa, padi ameilaza mapajani chini ya meza, halafu tunamuona yuko World 8 tena. Tulikuwa tunasema mashine yake ina dawa. Kumbe alikuwa anajua! Alikuwa anabonyeza riseti haraka ili sisi tusije tukagundua, kila mtoto aanze upya alipe upya. Ni mia mia za watoto hizo!

Kuhusu gemu yenyewe, nilikuwa nataka kuipa nyota mbili. Levo ya kutesa watoto hivi nani aliikubali? Lakini baada ya kuipita naona kumbe wale kobe wanapitika. Wakubwa pale kibandani walikuwa wanatuambia tungoje watulie, na kungoja ndiko kunakoua. Unashika B unakimbia tu, yule wa chini akiruka unapita chini ya miguu yake, husimami. Mara ya kwanza nilipovuka jozi ya mwisho hivyo, vidole vilikuwa vinatetemeka mpaka nikakaribia kukosa bendera ya mwisho wa levo. Kwa hiyo nyota nne. Hapana, tano, nimebadilisha, maana nilipomaliza na 8-4 yenye njia za kupoteza watu nikamkuta binti mfalme, nililia, kweli nililia. Kile kibanda hakipati hata nusu.

Na haijaisha. Ukishamuokoa unaruhusiwa kubonyeza B uchague World ya kuanzia, na ile mizunguko ya pili ni ngumu zaidi, uyoga wote wamegeuka mende wenye gamba ambao moto hauwaui. Mpwa wangu ameshika padi ya pili anacheza kama Luigi, ndugu yake Mario, anakufa kila dakika. A na Start nimemwonyesha kabla hata hajauliza.