R6 na Ninja 650: ipi inaukaa mwili wangu

Nina urefu wa sentimita 170, na pikipiki hizi mbili nimeziendesha vya kutosha kujua ipi inanifaa. Wengi huanza kwa kuuliza siti ina urefu gani. Yamaha YZF-R6 ni milimita 850, Kawasaki Ninja 650 ni milimita 790. Kwenye foleni tofauti hiyo utaihisi: juu ya Ninja nakanyaga chini vizuri, juu ya R6 nagusa kwa vidole, na penye mteremko inabidi nisogeze makalio upande mmoja ili angalau mguu mmoja ushike ardhi. Afadhali siti yake ni nyembamba kwa mbele.

Lakini kwangu mimi jambo lenyewe hasa ni usukani. Mishikio ya R6 imefungwa chini ya bamba la juu linaloshika shokapu za mbele; ya Ninja imeinuliwa juu ya bamba hilo. Hapo ndipo inapoamuliwa uzito wa kifua uangukie wapi. R6 ikienda polepole, viganja ndivyo vinavyobeba, na shingo lazima uikunje ili uone mbali. Mwendo ukikolea, upepo unakiinua kifua na mikono inapata nafuu. Ni pikipiki iliyoundwa kwa kasi, na kwenye kona, vikanyagio vikiwa juu na nyuma, unajiona umeshikana nayo kabisa. Raha yake naipenda mno.

Kilichonisaidia zaidi ni kubana tangi kwa magoti, ili tumbo na kiuno vifanye kazi na mikono ibaki imelegea. Pia nililegeza boliti ya mkono wa klachi nikauinamisha, hadi kiganja kikawa kwenye mstari mmoja na mkono kuanzia kiwikoni. Ganzi ya vidole ilipungua sana.

Kwenye Ninja sikuhitaji kugusa chochote. Magoti yana nafasi, mgongo unainama kidogo tu. Kwa safari ndefu naichukua hiyo bila kusita.

Ukienda kujaribu, usiishie kupima miguu chini. Pikipiki ikiwa wima kwenye stendi ya gurudumu la nyuma, vaa helmeti, weka miguu yote miwili kwenye vikanyagio, tazama mbele, kisha tulia hivyo kwa muda. Viwiko vikinyooka kabisa, usukani uko mbali nawe.