Gemu za hadithi: kabla hujalipa, soma maandishi ya chini

Malalamiko ninayoletewa na wanunuzi wa gemu za hadithi yanafanana sana. Mtu amesikia gemu fulani ikisifiwa kila kona, ameitafuta, ameilipia bei ambayo ingetosha kununua pedi mpya ya kuchezea, na baada ya jioni mbili tatu anasema haoni utamu wake. Ukimuuliza hadithi imefikia wapi, hawezi kukueleza nani ni ndugu wa nani wala kwa nini shujaa amegombana na rafiki yake. Wengi wao huhitimisha kwamba gemu ni mbovu. Mimi huwauliza kwanza runinga yao ni ya inchi ngapi, wanakaa umbali gani kutoka kwenye skrini, na kama walikuwa wanayasoma maandishi ya chini, yale yanayoonyesha maneno ya wahusika chini ya skrini, au walikuwa wanayaona yakipita tu.

Michoro, ukubwa wa ramani na urefu wa gemu ni mambo ambayo mnunuzi anaweza kuyaona mwenyewe kwa kutazama video ya dakika tano, kwa hiyo sitayagusa. Maandishi ya chini hayaonekani kwenye tangazo lolote, na wachambuzi wengi wa nje huyapita kwa sababu Kiingereza ni lugha yao ya nyumbani. Kwetu hata aliyesoma Kiingereza vizuri hupotea pale Kratos, shujaa wa God of War, anapounguruma maneno matatu kutoka kifuani, au pale Arthur Morgan wa Red Dead Redemption 2 anapoimeza nusu ya sentensi juu ya farasi. Filamu zina ma-DJ wanaotutafsiria, gemu hazina. Hivyo nimezipanga gemu hizi kwa kuangalia kama maandishi yanasomeka kutoka kwenye kochi, kama yanamtaja anayezungumza, na zaidi ya yote kama gemu inakupa nafasi ya kuyasoma au inakumwagia siri za familia wakati wewe unakwepa shoka.

Jambo hilo la mwisho ndilo linalotenganisha hadithi iliyofumwa ndani ya mchezo na hadithi iliyobandikwa juu yake. Macho ya mchezaji ni mawili tu, na anayepigana huyaelekeza kwa adui. Mwandishi wa gemu anayeelewa hivyo huyaweka mazungumzo mazito mahali ambapo mikono ina kazi nyepesi: kupiga kasia, kupanda ngazi, kutembea. Asiyeelewa huyarusha katikati ya risasi, kisha anashangaa mchezaji akifika mwisho bila kulia.

Sifichi kwamba nina upendeleo, na nafasi ya kwanza naipa God of War ya Santa Monica Studio, ile ya 2018 pamoja na Ragnarök iliyotoka Novemba 2022, ambazo nazihesabu kama ununuzi mmoja kwa sababu ya pili bila ya kwanza ni nusu ya habari. Tazama wanavyoitumia mitumbwi. Kratos anapiga kasia ziwani pamoja na mwanawe Atreus, na kichwa cha Mimir kinachoning'inia kiunoni kinasimulia visa vya miungu ya Kaskazini. Mkifika ufukweni kabla kisa hakijaisha, Mimir anakikatiza, na mkirudi majini anakiendeleza. Huko majini hakuna vita vya kukushughulisha, kwa hiyo unasoma kila neno, na ukifika kwenye pambano la mungu fulani tayari unajua alimfanyia nani nini. Mapigano yenyewe yanabeba hadithi pia, maana amri unazompa Atreus arushe mishale hubadilika uzito wake kadiri uhusiano wa baba na mwana unavyopanda na kushuka.

Ile ya 2018 ilipotoka maandishi yake yalikuwa madogo kiasi cha kuudhi, wachezaji wakapiga kelele, na watengenezaji wakaleta sasisho la kuyakuza. Maana yake ni kwamba anayenunua CD ya zamani na kuichezea kwenye PS4 (PlayStation 4) isiyounganishwa na intaneti atapata yale madogo ya awali. Ragnarök ilijifunza: unaweza kukuza maandishi, kuyawekea kivuli nyuma ili theluji isiyameze, na kuonyesha jina la anayezungumza. Kasoro yake kubwa iko kwa wenzako wa safari, ambao hukutajia jibu la fumbo kabla hujamaliza kulitazama. Atreus anasema pale juu kuna kitu, nawe bado unatafuta pale juu ni wapi. Kasoro hiyo inaudhi, lakini haitoshi kuishusha.

Ya pili ni Clair Obscur: Expedition 33, iliyotoka Aprili 2025 kutoka kwa Sandfall Interactive, studio ya mjini Montpellier, Ufaransa, na mwaka huohuo ikachukua tuzo ya gemu bora ya mwaka katika The Game Awards. Wazo lake linakukamata tangu dakika za mwanzo: kila mwaka kiumbe anayeitwa Mchoraji huandika namba mpya kwenye mnara mkubwa, na kila aliyefikisha umri huo hutoweka kama vumbi la maua. Namba inapungua. Watu wa mji wa Lumière wanajua kabisa siku yao, wanaagana bandarini, na wewe unatembea katikati yao ukiyasikiliza mazungumzo hayo kabla hujashika silaha yoyote. Huko ndiko kuliheshimu jicho la mchezaji.

Mapigano yake ni ya zamu, kila mmoja akisubiri wake, isipokuwa adui anapopiga ndipo unapaswa kukwepa au kukinga kwa wakati sahihi kabisa, na hapo huwezi kusoma hata herufi moja. Waandishi wamelijua hilo, kwa hiyo mambo mazito wameyaweka kwenye kambi ya usiku na kwenye vipande vya filamu. Malalamiko yangu yako kwenye menyu za silaha na vikorombwezo, ambazo zimejaa maelezo marefu yaliyobanana. Mwenye runinga ndogo asogeze kiti. Ukumbuke pia kwamba haichezeki kwenye PS4. Nimesikia wauzaji wakimwambia mteja "itacheza tu" kwa uso mkavu.

The Last of Us Part II ya Naughty Dog, iliyotoka Juni 2020, ingekuwa ya kwanza kama kipimo kingekuwa mipangilio peke yake. Ina zaidi ya chaguo 60 za kumsaidia mchezaji mwenye shida ya kuona, kusikia au kutumia mikono, na kwenye maandishi unaweza kuamua kama unataka ya hadithi tu au na ya mapigano. Chagua na ya mapigano. Ukimuua adui mmoja kimyakimya, mwenzake akamkuta, anamwita kwa jina lake. Mbwa akifa, mwenye mbwa anamlilia kwa jina. Bila maandishi hayo utasikia kelele tu, ilhali gemu nzima imejengwa juu ya wazo kwamba unaowaua wana watu wanaowangoja. Nimeiweka ya tatu kwa sababu inarudia somo lake mara nyingi kuliko inavyohitajika, na nusu yake ya pili, inayokulazimisha kumchezea mtu uliyekwisha kumchukia, inaanza taratibu mno. Wako wanaoichukia kwa sababu hiyohiyo. Mimi naona uamuzi ulikuwa wa kijasiri na utekelezaji ulikuwa mrefu.

Baldur's Gate 3 ya Larian, studio ya Ubelgiji, iliyotoka mwaka 2023, nawapendekezea wapenda kusoma. Mazungumzo yake hayasogei mpaka wewe uchague la kujibu, dadu linarushwa mbele ya macho yako, na hata ukishindwa hadithi inapinda njia nyingine badala ya kukurudisha nyuma. Hakuna gemu kubwa ninayoijua inayomsubiri msomaji kwa subira namna hiyo. Tatizo ni kwamba ilianzia kwenye kompyuta, na inavyoonekana kwenye runinga ya sebuleni inakukumbusha hivyo kila dakika.

Tales of Kenzera: Zau nimeisogeza hapa kwa sababu inalitatua tatizo langu kwa njia ambayo nyingine zote hazikuithubutu: unaweza kuichezea kwa sauti za Kiswahili. Ilitoka Aprili 2024, ikiongozwa na Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, ambaye aliitunga kutokana na msiba wa baba yake. Kijana Zuberi anasoma kitabu alichoachiwa na marehemu baba yake, na ndani ya kitabu mganga kijana Zau anaingia mkataba na Kalunga, mungu wa mauti, kwamba amkamatie mizimu mikubwa mitatu ili arudishiwe baba. Zau ana vinyago viwili, cha jua kwa kupigana karibu na cha mwezi kwa kupiga kutoka mbali, na kuvibadilisha hewani kuna raha yake. Mapigano yanajirudia kabla ya mwisho na gemu ni fupi. Lakini kumsikia Kalunga akizungumza lugha unayoielewa huku unaruka miiba, bila kuyaondoa macho kwenye miiba hiyo, ndipo unapotambua tulichokuwa tunakikosa. Ilianza kuuzwa kwa dola 20. Nayo pia haipo kwenye PS4, jambo linalowanyima wengi wa wale ambao ingewafaa zaidi.

Red Dead Redemption 2 ya 2018 inabaki ya mwisho kati ya ninazozipendekeza. Imeandikwa vizuri ajabu, ila imeziweka habari zake nyingi kwenye safari ndefu za farasi, ambako unapaswa kumwongoza mnyama, kufuata ramani na kusoma kwa pamoja. Washa kamera ya sinema, shikilia kitufe cha kukimbia, farasi atafuata njia mwenyewe nawe utasoma.

Za bei ya chini: Life is Strange ya 2015 na The Walking Dead ya Telltale. Zinatosha kwa kuanzia, basi.

Sasa wauzaji. Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha ya nchi za PlayStation Network, huduma ya mtandaoni ya PlayStation, kwa hiyo kila mmoja wetu amefungua akaunti ya Marekani, Uingereza au Afrika Kusini. CD nyingi zinazouzwa mitaani zimepitia Dubai na jalada lake lina Kiarabu. Nyongeza za gemu hutakiwa zitoke kwenye duka la kanda ileile ya CD, na hilo hakuna muuzaji anayekwambia. Ragnarök ina nyongeza ya bure iitwayo Valhalla, ya Desemba 2023, inayoendeleza habari za Kratos baada ya mwisho. Mwenye CD ya Ghuba na akaunti ya Marekani ataambulia kuisoma jina tu. Muuzaji mmoja nilipomweleza hivyo alinijibu kwamba wateja wake hawachezi "mambo ya nyongeza". Mwingine huuza PS4 iliyojazwa gemu za kudukuliwa, ambazo hazipokei masasisho kwa njia ya kawaida, kwa hiyo hata maandishi yaliyokwisha kukuzwa na watengenezaji yanaweza kubaki madogo.

Bei nazo zinawekwa kwa kutazama jalada. Clair Obscur ilitoka kwa dola 50 wakati kampuni kubwa zinataka 70 kwa gemu za PS5, lakini dukani nimezikuta zikiwa zimepangwa kwenye rafu moja kwa bei moja, na CD iliyotumika, yenye mikwaruzo inayoonekana bila miwani, imepunguzwa bei ya nauli ya daladala. Mwombe muuzaji aiweke kwenye mashine, afungue mipangilio, awashe maandishi ya chini kwa ukubwa wa mwisho, kisha rudi nyuma hatua tano usome. Akikataa kwa sababu CD ikifunguliwa haiuziki tena, mwambie hiyo iliyotumika imekwisha kufunguliwa.