AC ya IST yangu: nimejaziwa gesi mara tatu kabla ya kumpata fundi aliyetafuta tundu

Naandika hii kwa ajili ya mtu yeyote ambae sa hivi AC ya gari yake inapuliza hewa ya moto na kuna fundi kamwambia "gesi imeisha bosi, tujaze tu". Mimi niliambiwa hivyo mara tatu ndani ya miezi mitatu na zote tatu nikalipa.

Gari ni Toyota IST ya 2004, ile ya cc 1300, natoka nayo Mbezi kwenda Posta kila siku. AC ilianza kusumbua mwezi wa 12, na joto la Dar kuanzia mwezi wa 12 mpaka wa 3 wote mnalijua. Mwanzoni ukiwa kwenye mwendo inapoza vizuri tu, ukikwama foleni Magomeni inaleta hewa ya vuguvugu, ukitembea tena baridi inarudi. Baada ya siku kadhaa ikawa moto moja kwa moja. Na kwangu hii sio starehe, mama yangu ana presha na kila mwezi nampeleka kliniki Muhimbili, kuna siku tumekaa foleni namwangalia pembeni yangu anajipepea na ncha ya kanga, jasho linamtiririka mpaka shingoni, halafu yeye ndo ananituliza mimi, "usijali mwanangu tutafika". Iliniuma sana.

Gereji ya kwanza sitaitaja jina. Fundi akafungua kifuniko cha bomba la gesi, akachomeka kopo la gesi, akawa anashika bomba kwa mkono, lilipopoa akasema tayari bosi. Dakika 15, elfu 50. Ilipoa kweli, baridi kabisa, nikamsifia hadi kwa wenzangu kazini. Wiki tatu ikaisha. Nikarudi, elfu 50 nyingine, nikamuuliza mbona imeisha haraka hivi akasema gesi za siku hizi hazidumu. Mara ya tatu ilikaa siku 9 tu, halafu nikiwasha AC hata ile sauti ya kompresa (pampu inayobana gesi) kushika haisikiki tena. Akaniambia kompresa imekufa, ya used ni laki 4 na nusu na ufundi elfu 70.

Hapo ndo jamaa mmoja wa ofisini akaniambia usilipe kitu, nenda Tabata kuna mzee anafanya AC peke yake, injini hagusi. Nikafika saa 2 asubuhi. Nikaanza kumweleza habari ya kompresa, akanikatiza kwa upole, "kijana, zima gari kwanza, fungua boneti". Akafunga geji zake mbili, ya bluu upande wa presha ndogo na nyekundu upande wa presha kubwa, mishale yote ikasimama kwenye psi 20 na kitu (psi ni kipimo cha presha). Akasema kwa joto la leo kama humu ndani kungekuwa na gesi ya kutosha geji zingesoma karibu 100 hata gari ikiwa imezimwa, kwahiyo kompresa yako haijafa, imezuiwa. Kuna swichi ya presha, ikiona gesi ni ndogo inakata umeme wa kompresa kwa makusudi, maana oili inayoilainisha inatembea humohumo pamoja na gesi, ikizunguka bila gesi inajisaga yenyewe. Akachomoa soketi ya kompresa, akaigusisha waya kutoka kwenye betri sekunde moja, nikasikia TAK! klachi, ile inayoiunganisha kompresa na injini, imeshika. Laki 5 na elfu 20 nilizokuwa naziwaza usiku kucha ziliishia hapo.

Kitu alichoniambia baadae ndo nataka kila mwenye gari akijue: gesi ya AC haitumiki kama petroli. Inazunguka tu, inabanwa na kompresa, inapoozwa kwenye kondensa mbele ya rejeta, inapita kwenye valvu nyembamba na kufyonza joto ndani ya dashibodi, halafu inarudi tena. Ikipungua haraka kama yangu maana yake kuna mahali inatoka, na kumwaga nyingine juu yake bila kutafuta hapo mahali ni kuitupa.

Akajaza naitrojeni kwenye mfumo mpaka 150, akachukua sabuni ya maji kwenye kichupa cha kupulizia, akapita kiungo kimoja kimoja. Hakuna kitu. Akafungua bampa ya mbele, akaniita niangalie mwenyewe kwenye pembe ya chini ya kondensa: kulikuwa na doa jeusi la vumbi lililogandana na mafuta, upana wake kama sarafu ya mia tano. Kila sehemu nyingine ya kondensa vumbi lilikuwa kavu, hapo tu lina unyevu. Gesi ikitoka inatoka na oili kidogo, na vumbi linanasa kwenye oili. Akapuliza sabuni, tukasubiri kidogo, vikaanza kuota vipovu vidogo vidogo taratibu kama vya soda iliyokaa muda. Nilipitisha kidole pale kikarudi na utelezi. Yaani miezi mitatu tatizo lilikuwa linaonekana kwa macho, ni bampa tu haikufunguliwa.

Kondensa mpya nilifuata Gerezani, laki na 40. Akafunga na oringi mpya (zile raba za kuzibia) kwenye maungio, za zamani hakurudishia. Feni ya kondensa nayo akaikuta inazunguka kwa uvivu, ndo maana kwenye foleni ndo kulianza kuwa moto, ukiwa kwenye mwendo upepo wa barabarani unafanya kazi ya feni. Mota ya used elfu 35.

Halafu akaweka mashine ya vakyumu dakika 40. Hii gereji ya kwanza haikufanya hata siku moja, na ndo inayotoa hewa na unyevu, maana unyevu ukibaki ndani unachanganyika na gesi na oili unakuwa asidi inayokula vyuma. Akafunga koki, akaacha dakika 15, mshale haukusogea hata nywele. Gesi ya R134a akaipima kwenye mizani kwa gramu zilizoandikwa kwenye stika ya chini ya boneti, hakukisia kwa kushika bomba. Tukawasha: 30 upande mdogo, 210 upande mkubwa, na kipimajoto kwenye tundu la kutolea hewa la dashibodi kikashuka mpaka 7 wakati nje ni 33. Gesi na ufundi laki na 20, jumla nimetumia laki 2 na elfu 95. Kliniki iliyofuata mama aliniomba nipunguze baridi.

Yasiyonifurahisha yapo. Nilikaa pale mpaka saa 11 jioni, hakuna kivuli cha maana, na habari ya feni aliniambia saa 9 wakati hela nimeshaipanga, hilo angelipima asubuhi nikajua mapema. Risiti hakuna, garantii ni ya mdomo, mwezi mmoja. Na ukimpigia simu akiwa kazini hapokei. Ila kazi yake naiamini, na ningerudi.

Wewe kabla hujatoa hata mia muulize fundi kama ana vakyumu na kama ana mizani, na umwambie akuonyeshe tundu liko wapi. Akianza na kopo, funga boneti yako uondoke.

Sasa ni wiki ya 10. Kila Jumapili nikiosha gari napiga tochi ile pembe ya chini ya kondensa, mpaka leo vumbi lake ni kavu.