Uzoefu wangu na kebo ya Mini VCI: Hilux D-4D iliyokosa nguvu mlimani

Kama una Hilux ya injini ya 2KD, ile ya 2.5 D-4D, na inakosa nguvu ikibeba mzigo, nunua kebo hii ya kuunganisha laptop na kompyuta ya gari kabla hujakubali kubadilishiwa pampu ya dizeli. Nasema hivyo baada ya kuitumia kwenye pikapu yangu inayopeleka mbolea na mbegu kutoka Morogoro kwenda Iringa. Kebo yenyewe haikufika laki moja. Pampu niliyokuwa nauziwa, tena ya mtumba, ilivuka milioni.

Ugonjwa ulikuwa hivi. Kwenye tambarare gari linakwenda vizuri hata likiwa na mzigo. Likianza kupanda mlima Kitonga, ukikanyaga mafuta kwenye gia ya tatu linavuta kidogo, kisha linalegea ghafla, taa ya injini inawaka, na kuanzia hapo ni kujikokota mpaka uzime na kuwasha upya. Likilala usiku kucha, asubuhi stata inazunguka sana kabla halijawaka. Gereji ya kwanza walisoma kosa moja tu, P0093, ambalo maana yake ni kwamba mfumo wa dizeli una uvujaji mkubwa. Fundi akainama chini ya gari, hakuona tone, akainuka na hukumu: "Bosi, pampu imekufa."

Mini VCI unaichomeka kwenye soketi iliyo chini ya usukani, na upande wa pili unaingia kwenye laptop yenye Techstream, programu ya Toyota wenyewe. Kuiwezesha kufanya kazi kwenye laptop kulinichosha. Draiva za kebo hizi, yaani programu ndogo zinazoifanya laptop iitambue kebo, zilitengenezwa kwa ajili ya Windows ya biti 32, na kwenye kompyuta za biti 64 utahangaika nazo. Nilitafuta laptop kuukuu yenye Windows 7 ya biti 32, mambo yakanyooka.

Thamani yake haiko kwenye kusoma kosa. Kosa hata vimashine vya bei ndogo vinasoma. Iko kwenye orodha ya data, ambapo unaona kwa wakati mmoja presha ambayo kompyuta ya gari imeiagiza kwenye reli ya mafuta, yaani bomba nene la pamoja linalogawa dizeli kwa nozeli zote, na presha iliyopo kweli. Gari likiwa limesimama linanguruma, zote mbili zilikuwa karibu kPa 30,000 (baa 300) na zilifuatana vizuri. Tukapakia mzigo, mdogo wangu akashika laptop, mimi nikaendesha, programu ikarekodi. Mlimani presha iliyoagizwa ilipanda kupita kPa 100,000 (baa 1,000). Ile ya kweli ikaisindikiza kwa muda, ikaanza kuyumba juu chini, kisha ikaporomoka na taa ikawaka.

Kule kuyumba ndiko kulikonitia shaka kuhusu habari ya pampu. Pampu iliyochoka kwa kawaida inabaki nyuma tu, inashindwa kufika. Presha inayorukaruka unaanza kwa kushuku upepo kwenye dizeli, au SCV, ile vali inayopima dizeli inayoingia kwenye pampu, kwamba inakwama. Na kati ya hayo mawili, upepo ndio rahisi kuupima. Nikaangalia pia masahihisho ya kila nozeli, yaani dizeli ambayo kompyuta inamwongezea au kumpunguzia silinda ili injini izunguke sawasawa: zote nne zilikuwa karibu na sifuri, hakuna silinda iliyokuwa inafidiwa. Kuna na jaribio la uvujaji, ambapo programu inapandisha mzunguko wa injini pamoja na presha ya reli gari likiwa limesimama, na wewe unakagua maungio kwa tochi. Yalikuwa makavu yote.

Hapa lazima ujue injini hii inavyopata dizeli. Haina pampu ya umeme ndani ya tangi. Pampu iliyo kwenye injini ndiyo inayofyonza yenyewe, kupitia filta. Kwa hiyo njia nzima kutoka kwenye tangi hadi kwenye pampu inavutwa, haisukumwi, na pakiwa na ufa dizeli haimwagiki: upepo ndio unaoingia. Ndiyo sababu unaweza kupewa kosa la uvujaji mkubwa na chini ya gari pakawa pakavu. Mlimani injini inadai dizeli nyingi, ufyonzaji unaongezeka, na upepo nao unaongezeka.

Upepo unaingilia wapi, hilo kebo haikuonyeshi. Nilichukua mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, wa kipenyo sawa na ule wa gari, nikaufunga kwa klipu kati ya filta na pampu. Nilipokanyaga mafuta, mapovu madogo madogo yakapita mfululizo kama ya soda iliyofunguliwa sasa hivi. Nikauhamishia upande wa kabla ya filta: dizeli safi, hakuna povu. Basi mchawi alikuwa palepale kwenye filta. Nikakifuta kichwa cha filta mpaka kikakauka, nikaanza kubonyeza pampu ya mkono iliyo juu yake. Kuzunguka kitufe kukatokea pete nyembamba ya unyevu. Mpira wa kuzibia ulio ndani ya pampu hiyo ya mkono ulikuwa umekakamaa. Ukibonyeza unatoa dizeli nje, injini ikifyonza unapitisha upepo.

Nilibadilisha kichwa kizima pamoja na filta, nikatoa upepo kwa kubonyeza mpaka kitufe kikawa kigumu, na nikarudisha mpira wa kawaida, kwa sababu ule wa plastiki ni wa kupimia tu na ukiuacha humo utaharibika kwa joto na dizeli. Nikapanda Kitonga na mzigo wa aina ileile. Presha mbili zilipanda pamoja hadi juu. Pampu ni ileile mpaka leo, na asubuhi gari linawaka mara moja.

Nisisitize jambo la usalama, maana nimeona linafanyika. Mafundi waliozoea injini za zamani hulegeza nati ya bomba la nozeli injini ikinguruma ili kujua silinda ipi haifanyi kazi. Kwenye D-4D usimruhusu mtu kufanya hivyo. Presha ya reli inaweza kupita baa 1,000, na dizeli inayotoka kwa nguvu hiyo inatoboa ngozi na kuingia mwilini. Akitaka kujua silinda, Techstream inaweza kuikatia dizeli silinda moja moja bila kugusa spana.

Naipa nyota nne kati ya tano. Moja naiondoa kwa usumbufu wa draiva. Kusoma data soma upendavyo, lakini sehemu za kuandika ndani ya kompyuta ya gari, hasa namba za fidia za nozeli (namba za kila nozeli ambazo kompyuta hutumia kupima dizeli yake), ziache mpaka uwe na mtu anayezijua. Na mwenye Hilux ya 3L au 5L, injini za dizeli za zamani zisizo na reli, asiinunue kwa kazi hii. Pampu za injini hizo hazina presha ya reli ya kusomwa kwenye laptop. Mpira unaoonyesha ndani na dumu la dizeli safi lililoinuliwa juu ya filta na kuunganishwa nayo badala ya tangi vinamtosha kujua kama tatizo liko kwenye tangi na mabomba au liko mbele zaidi.