TAHADHARI: Wanaouza gemu za mbio zisizokamilika kwa "bei ya mwanzo"

Ndugu zangu wa usukani na pedali, habari za wakati huu. Kuna utapeli unaendelea kwenye magrupu ya WhatsApp na kurasa za Instagram zinazouza gemu za kompyuta, na wanaoumia zaidi ni wadogo zetu. Kijana anajichanga mpaka anapata usukani wa mtumba, halafu akiba iliyobaki kwa ajili ya gemu inaishia kwa mtu asiyemjua hata sura.

Biashara yenyewe inakwenda hivi. Gemu ya mbio ikianza kuuzwa huku bado inatengenezwa, muuzaji anarusha tangazo: lipia sasa bei ya mwanzo, ikikamilika unaipata yote bila kuongeza hata mia. Anataka hela yote kwanza, kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Ukishatuma, unapewa jina la akaunti ya Steam, lile duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, na nywila yake, pamoja na masharti: pakua gemu, kisha weka akaunti nje ya mtandao, usibadilishe nywila, usiwashe intaneti wakati unacheza.

Hebu yasome masharti hayo taratibu. Hukuuziwa gemu, umeazimwa akaunti ya mtu. Na mnazuiwa kuingia mtandaoni kwa sababu akaunti hiyo hiyo wameuziwa wengi, na mkikutana humo mtaanza kutoana.

Kwa gemu iliyokwisha kamilika, wapo wanaosema bora niicheze hivyo hivyo. Kwa gemu isiyokamilika hata hoja hiyo haisimami. Unachokuwa umelipia ni yale yanayokuja: magari mapya, viwanja vipya, marekebisho ya tairi na ya usukani. Hayo yote huja kwa intaneti. Akaunti iliyofungiwa nje ya mtandao haipokei chochote, kwa hiyo unabaki na toleo bovu la siku ya kwanza.

Nimeyaona haya kwenye kompyuta ya kijana wa jirani yetu. Aliuziwa Assetto Corsa EVO, gemu ya kampuni ya Kunos Simulazioni ya Italia, iliyoanza kuuzwa Januari 16, 2025 ikiwa na magari 20 na viwanja 5 tu. Wenzake waliokuwa na nakala halali wakawa wanapata magari mapya, yeye yuko pale pale. Alipowasha intaneti ili asasishe, Steam ikamtaka msimbo wa herufi tano, ambao hutumwa kwa mwenye akaunti. Akamwandikia muuzaji. Tiki mbili zikageuka bluu, kimya. Kesho yake picha ya wasifu ikawa imetoweka, amezuiwa. Inauma kumtazama mtoto wa watu akijaribu nywila ileile mara kwa mara, akidhani ameikosea herufi.

Kibaya zaidi, hakuna pa kudai. Steam hairudishi hela ya kitu ambacho hukukinunua kwao, na masharti yao yanakataza kuuza akaunti. Mwenye akaunti akiamua kuirudisha mikononi mwake, anairudisha.

Sasa wengi mnaniuliza: na nikinunua halali, nilipie gemu ya mbio ambayo haijakamilika? Jibu langu ni kwamba unaweza, ila lipia kile kilichomo leo. Kama magari na viwanja vilivyopo sasa hivi vinakutosha kwa bei hiyo, nunua. Kama unanunua kwa sababu ya orodha ya "yajayo", subiri. Steam wenyewe, kwenye ukurasa wa kila gemu yenye lebo ya Early Access, yaani inayouzwa huku bado inatengenezwa, wanasema usubiri kama haikufurahishi ilivyo sasa, na kwenye maswali na majibu yao wanakiri kwamba wapo watengenezaji wasiofika mwisho.

Mifano tunayo ya kutosha. Assetto Corsa ya kwanza iliingia Novemba 2013 ikiwa nusu, ikakamilika Desemba 2014. DiRT Rally ilianza Aprili 2015 na Desemba mwaka huo huo ilikuwa tayari. Hao walitembea vizuri. Wreckfest, ile ya kugongana, iliuzwa Januari 2014 na ikakamilika Juni 2018. Miaka minne na zaidi! BeamNG.drive iliingia Steam mwaka 2015 ikiwa na lebo hiyo, ikaendelea kuibeba miaka kumi baadaye, na bado siwezi kumlaumu aliyeinunua, maana watengenezaji wake huleta mapya kila mara na tangu mwanzo magari yake yalikunjika kama chuma halisi.

Halafu kuna Project CARS. Kuanzia 2011 Slightly Mad Studios ya London iliwachangisha wachezaji wenyewe, kwa ahadi kwamba wachangiaji watapata sehemu ya mapato. Mamlaka ya fedha ya Uingereza ikaingilia kati mwaka 2012, kwa kuwa ahadi ya namna hiyo inafanana na uwekezaji. Gemu ilitoka 2015, na ilikuwa gemu nzuri. Lakini toleo la Wii U, mashine ya gemu ya Nintendo, lililokuwa limetangazwa, lilifutwa mwaka huo huo. Aliyechanga akiwa na Wii U sebuleni alibaki na ahadi.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, angalia pia hali ya kampuni. Le Mans Ultimate iliuzwa ikiwa haijakamilika Februari 2024, wakati Motorsport Games, walioitoa, walikuwa na shida kubwa ya fedha na miezi michache nyuma walikuwa wamepoteza leseni ya IndyCar, mashindano ya magari ya Marekani, bila kutoa gemu yake. Ilifika toleo kamili Julai 2025 na leo inasifiwa, nami naifurahia kwa dhati. Ila aliyelipa siku ile ya kwanza alikuwa anabahatisha, na katikati ya safari walikuwa wanauza magari na viwanja vya ziada huku gemu yenyewe haijaisha. Jambo hilo likikukera, tunza hela yako.

Mkinunua, nunueni Steam kwenyewe moja kwa moja. Kule Kenya kuna kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay, unaitengeneza kwenye simu. Tanzania nako mitandao ya simu ina kadi za namna hiyo. Bei iko kwa dola, kwa hiyo acha salio kidogo la ziada la kubadilisha fedha. Faida yake ni haki ya kurudishiwa hela: ombi lifike ndani ya siku 14 tangu ununue, na uwe umecheza chini ya saa 2. Hapo watu wa usukani tuwe makini sana. Saa hizo zinahesabiwa gemu ikiwa imefunguka, hata kama uko kwenye menyu unapanga pedali na kurekebisha nguvu ya usukani. Sakinisha kwanza dereva za usukani, yaani programu zinazouwezesha kufanya kazi na kompyuta, soma mipangilio ya wengine wenye usukani kama wako, ndipo ufungue gemu na uingie uwanjani haraka. Baada ya mizunguko kadhaa utajua kama kompyuta yako inaiweza.

Na kama umeshamlipa muuzaji wa akaunti, fanya haraka. Piga picha ya mazungumzo yote kabla hajayafuta, namba yake na ujumbe wa muamala vikionekana. Kenya, tuma ujumbe huo wa M-Pesa kwenda 456 kuomba urudishiwe. Tanzania, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako siku hiyo hiyo, maana hela ikishatolewa kwa wakala hairudi kirahisi. Namba ya tapeli iripoti TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, kupitia 15040, na usisahau polisi. Nywila uliyopewa usiitumie mahali pengine popote, na kama aliwahi kukuomba msimbo wa akaunti yako mwenyewe, badilisha nywila yako leo.