Piano za Mtumba Zinazojipiga: Uliza Faili Kabla ya Bei

Wasomaji mlioko Marekani, malalamiko yenu yanafanana: mmenunua piano ya zamani inayojipiga yenyewe, imefika inang'aa, mkaiwekea nyimbo zenu, kimya. Piano ni nzima. Faili hizo haizijui.

Mbao na sauti mtavikagua wenyewe. Swali langu ni moja: inasoma faili gani? Muuzaji akijibu "MIDI", yaani faili la maagizo ya nota, si la sauti, mbane zaidi. MIDI ya aina 0 hukusanya vyombo vyote katika mkondo mmoja, ya aina 1 huvitenganisha, na aina 1, ambayo mashine nyingi kongwe haziisomi, imejaa mtandaoni. Disklavier, piano za Yamaha zinazojipiga, za mwishoni mwa miaka ya 1980 zilikuja na E-SEQ, aina ya faili ya Yamaha yenyewe; aina 0 iliongezwa baadaye. Disketi ya E-SEQ inahitaji pia faili la orodha liitwalo PIANODIR.FIL, na mashine zile kongwe hutaka disketi ya 720 KB, si ya 1.44 MB.

Pamoja na usumbufu huo, namba moja kwangu ni Disklavier, wala sioni ya kushindana nayo. Ina tundu la MIDI IN. Unganisha kompyuta: kompyuta ndiyo isome faili, aina 0 au 1, piano ipokee nota tu. Nota laini huchelewa kuliko ya nguvu kwa sababu nyundo yake huenda polepole, kwa hiyo Disklavier inaweza kuzizuia zote kwa nusu sekunde ili kila moja ilie kwa wakati wake. Acha ucheleweshaji huo uwake unapocheza kutoka kwenye kompyuta. Mwenye uwezo atafute toleo la Mark IV la 2004, lenye diski ngumu na USB.

Ya pili ni PianoDisc, mfumo wa kuifanya piano ijipige. Hufungwa ndani ya piano ya chapa yoyote, kwa hiyo kagua pia kazi ya fundi aliyeifunga.

Ya tatu, Pianomation za CD, mfumo mwingine wa kujipiga. Hapa wengi huumia: chaneli moja ya CD hubeba muziki, nyingine hubeba ishara za kuamrisha funguo. Ukiigeuza CD hiyo kuwa MP3, ishara huharibika.

Za bei ya chini, zinazosoma muziki kwenye karatasi yenye matundu: hakikisha ni ya nota 88, si 65. Basi.

Kinachonikera ni wauzaji wa vifaa vya kubadilisha disketi kuwa flashi. Kifaa ni kizuri, lakini kinabadilisha mahali pa kuhifadhi tu. Faili la aina 1 linabaki aina 1. Wanalijua hilo, hawalisemi, na bei wanapandisha. Wauza piano nao wakiombwa video ya mashine ikicheza faili la mnunuzi, siyo disketi yao ya maonyesho, ghafla hawana muda. Asiye na muda huo msimpe hata malipo ya awali.